Walezi na wazazi wa watoto wadogo, tuongee kuhusu sikukuu tunazosherehekea kituoni (uzi mrefu kidogo)

#1 MleziWaSikuNyingi

Habari zenu wana jukwaa. Mimi ni mlezi kwenye kituo cha kulelea watoto, chumba cha miaka miwili hadi mitano, na huu ni mwaka wangu wa 11. Jambo hili nimekaa nalo moyoni muda mrefu. Leo naliweka hapa kwa sababu najua humu wamo walezi wenzangu na wazazi pia.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na binti wa miaka mitatu na nusu, kwao ni Wahindu. Diwali ilipokaribia tukasema safari hii tumfurahishe. Tukabandika picha ukutani, tukakata taa za karatasi, tukamwomba mama yake amvalishe nguo za sikukuu. Asubuhi akaja amependeza kwelikweli, bangili zimepanda hadi karibu na kiwiko. Tukamkalisha kwenye kiti mbele ya wenzake, na mimi mwenyewe kwa mdomo wangu nikamwuliza: "Haya mama, hebu waambie wenzako, Diwali ni nini?"

Akatazama miguu yake. Nikarudia swali kwa sauti laini zaidi, nikidhani ni aibu tu. Akaanza kuvua bangili, moja baada ya nyingine, anazipanga mapajani. Ilipokwisha ya mwisho akafunika uso kwa viganja vyote viwili, na hapo ndipo nikaona kiti kimelowa.

Wiki nzima iliyofuata, akifika mlangoni anashika gauni la mama yake haachii.

Siku ile nimeirudia kichwani mara nyingi sana. Mtoto wa umri ule hajui Diwali "ni nini". Anajua bibi yake akimimina mafuta kwenye vitaa vya udongo. Anajua kwamba usiku huo hakuna anayemfukuzia kitandani. Mimi nilimwuliza swali la mtu mzima, nikamtwika mabegani dini yake na watu wake wote, mbele ya macho ya wenzake.

Kosa lingine ni kwamba mama yake nilimwomba nguo tu, sikumwuliza kitu. Alipokuja kuzungumza nami (hakugomba, Mungu ambariki) akaniambia kwao anachosubiri mtoto mwaka mzima ni rangoli, ile michoro ya unga wa mchele na rangi inayochorwa mlangoni. Binti ana kona yake ya kuchora, na hakuna mtu mzima anayeigusa. Yaani tungemwachia kipande cha sakafu na bakuli la unga, angetufundisha sote bila kufungua mdomo.

Tangu hapo kila mzazi anayeandikisha mtoto nakaa naye, namwuliza mambo matatu. Ni siku gani za mwaka ambapo mtoto wenu haambiwi akalale mapema? Siku hizo yeye mwenyewe, kwa mikono yake, anafanya nini? Na je, kuna jambo ambalo hamtaki tulifanye hapa? Majibu nayaandika kwenye daftari, na kalenda yangu ya sikukuu inatoka humo. Sikuhizi siichukui tena ile iliyochapishwa na kubandikwa ofisini.

Ndivyo ninavyoona mimi: sikukuu ya kituoni ianzie kwenye mikono ya mtoto na nyumba aliyotoka. Ninyi mnafanyaje? Nitafurahi mkinikosoa pia.

#2 BabaWaWatatu

Dada, ahsante kwa kusema ukweli wako. Mimi nazungumza kama mzazi, tena wa upande ambao huwa hausikiki sana. Sisi ni Mashahidi wa Yehova. Hatusherehekei Krismasi wala siku za kuzaliwa. Hili tulilieleza siku ya kwanza.

Siku moja nilifika mapema kumchukua mwanangu wa pili. Chumbani muziki, kofia za karatasi, keki. Yeye nikamkuta amekaa peke yake kwenye benchi la korido, amelikumbatia begi lake, viatu tayari miguuni. Nikamwuliza umekaa hapa muda gani? Akasema, "Tangu waliposema sisi sio wa sherehe."

Sikuchukia sherehe yao. Kilichonichoma ni lile benchi. Ningeambiwa wiki moja kabla tungepanga vizuri: angekaa bustanini na mlezi anayempenda, anamwagilia mimea, na asingejiona ameadhibiwa. Kwa hiyo swali lako la tatu ni zuri mno. Naomba walezi wote mliopo hapa mliulize.

#3 MleziWaSikuNyingi

Kaka, pole sana. Nimeisoma mara mbili.

Nimejifunza kwamba kuna tofauti kati ya kusikia na kushiriki, na kila familia inaweka mpaka wake. Nina mzazi anayesema mwanangu asikilize hadithi ya sikukuu ya mwenzake, hakuna neno, ila asipake rangi mapambo. Mwingine anasema apake rangi ila asiimbe. Ukikisia utakosea, uliza tu.

Jambo lingine lililotusaidia ni kutokulitoa darasa zima kwa sikukuu. Sherehe inakaa kwenye kona moja ya mkeka. Pembeni kuna beseni la maji, kuna mchanga, kuna matofali ya mbao kama kila siku. Asiyekwenda kwenye kona ya sikukuu hajatengwa na mtu, amechagua maji. Hata watoto ambao wazazi wao hawana pingamizi, wengi huja dakika tano, wanaondoka, wanarudi tena. Ndivyo umri huo ulivyo.

#4 NesiWaWatoto

Naomba niingilie kidogo upande wa usalama, maana misimu ya sikukuu sisi wodini tunaijua kwa aina ya ajali zinazoletwa.

Cha kwanza kabisa ni mishumaa ya betri. Walezi wengi wameacha moto wa kweli, na hiyo ni hatua nzuri. Lakini vile vimishumaa vya plastiki ndani vina betri bapa ya duara, ndogo kama kifungo cha shati. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye umio, inaanza kuunguza nyama ya ndani, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Haingoji. Msimtapishe, msisubiri itoke yenyewe, kimbieni hospitali na mseme wazi kwamba ni betri. Nunueni zile ambazo kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu, na hata hizo hesabuni kabla na baada ya shughuli.

Puto za mpira zikipasuka, okoteni vipande papo hapo. Kipande cha puto kooni kinaziba njia ya hewa kama kizibo. Karanga nzima na pipi ngumu wasipewe walio chini ya miaka 5, zabibu zikatwe kwa urefu mara nne. Asali, hata ya kuonja kwa kidole, isimguse mtoto ambaye hajatimiza miezi 12, kwa sababu inaweza kubeba vijimbegu vinavyoleta ugonjwa wa kupooza uitwao botulizimu.

Halafu hina. Hina ya asili hutoa rangi ya machungwa yanayoiva kuwa kahawia. Ile nyeusi tititi inayokolea upesi mara nyingi imetiwa dawa ya kupakia nywele rangi, na hiyo inaweza kumbabua mtoto ngozi hadi malengelenge. Tena kuna watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Kwao hata hina safi inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, na wachanga ndio walio hatarini zaidi. Kwa hiyo mkitaka kuchora mikono wakati wa Idi, mchore kwa kalamu ya watoto inayosafishika kwa maji, hina halisi mwachieni mama yake nyumbani.

Unga wa rangi wa Holi, ile sikukuu ya rangi ya Wahindu, usirushwe hewani ndani ya chumba chenye watoto wadogo, unaingia machoni na kifuani. Ulowesheni uwe rangi ya maji ya kupaka.

#5 DadaWaVichanga

Nesi, ahsante, nimeshaenda kukagua kabati letu la mapambo. Nimekuta vimishumaa 9 vya aina hiyo, vyote vifuniko vyake vinafunguka kwa ukucha.

Swali langu: mimi niko chumba cha vichanga, miezi mitatu hadi mwaka na nusu. Mkuu wetu anataka kila chumba kishiriki sikukuu. Vichanga wanashiriki nini jamani?

#6 MleziWaSikuNyingi

Dada, kwa vichanga usiogope kufanya kidogo. Kuanzia miezi 8 hivi mtoto anaanza kuwaogopa wageni, kwa hiyo usimlete mtu aliyevaa barakoa au ndevu za pamba ukamkalisha mtoto mapajani mwake. Ile picha ya mtoto analia huku wakubwa wanacheka, mimi huwa siwezi kuitazama.

Kinachowafikia ni sauti ya nyumbani. Waombe wazazi wairekodi kwenye simu nyimbo wanayoimba nyumbani siku ya sikukuu, dakika moja inatosha, bila ala. Iwekee wakati wa kubadilisha nepi. Tulikuwa na kichanga mmoja wa miezi 10, baba yake alirekodi wimbo wa nyumba yao huku anaosha vyombo, vijiko vinasikika nyuma. Siku ya kwanza tulipouweka, mtoto aliacha kurusha miguu, akatulia, akaanza kuzungusha macho anamtafuta baba. Kisha akatabasamu kwa dari.

Hiyo inatosha, na huhitaji hata pambo moja.

#7 MchangiajiMkweli

Mimi nina mawazo tofauti, mniwie radhi. Kwa nini kituo kijiingize kwenye sikukuu? Watoto waje wacheze, wale, walale. Mambo ya dini na mila mzazi atayafanya nyumbani kwake. Leo mtafanya ya huyu, kesho mtasahau ya yule, ugomvi. Na mtoto wa miaka mitatu kesho kutwa hakumbuki lolote.

#8 MkufunziWaAwali

Mchangiaji, hoja yako naiheshimu na nusu yake nakubaliana nayo. Nafundisha walimu wa awali, na ningependa tutenganishe mambo mawili.

Kumfundisha mtoto kuabudu si kazi ya kituo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1989, ibara ya 14, unaheshimu haki na wajibu wa wazazi kumwongoza mtoto katika imani. Lakini mkataba huohuo, ibara ya 29, unataka elimu imjengee mtoto heshima kwa wazazi wake, lugha yake na utamaduni wake, na ibara ya 30 inasema mtoto wa jamii ndogo asinyimwe kuufurahia utamaduni wake pamoja na watu wake. Mtoto anayekaa kituoni saa nane au tisa kwa siku, kama kwa saa zote hizo hakuna anayetamka jina la sikukuu yake, anaelewa. Hawezi kukueleza, lakini anaelewa.

Njia ya katikati iko kwenye maneno tunayotumia. Wanafunzi wangu nawafundisha kusema: "Familia ya mwenzetu huwasha taa usiku huu, na huamini kwamba..." Hapo umesimulia. Ukisema "Leo tumshukuru fulani kwa kutuletea..." umeshaingia kwenye ibada, na mzazi mwingine ana haki ya kulalamika.

Kuna hatari ya pili ambayo dada mleta uzi ameigusa bila kuitaja kwa jina. Mwalimu Mmarekani Louise Derman-Sparks na wenzake, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, walionya kuhusu kinachoitwa mtaala wa kitalii: tunawatembelea watu wengine siku moja kwa mwaka, tunaonja chakula chao, tunavaa nguo zao, tunarudi "nyumbani". Mtoto anabaki na picha kwamba wale watu maisha yao yote ni ngoma na mavazi ya kung'aa, hawaendi kazini, hawafui nguo. Kwa hiyo kabla ya sikukuu, angalieni siku za kawaida. Kwenye jiko la kuchezea, vyombo vyenu vinafanana na vya nyumba za watoto wote? Wanasesere wanabebwaje? Salamu ya asubuhi mnaijua kwa lugha ngapi za chumbani kwenu? Mkiwa na hayo, sikukuu itakuja kama kilele cha kitu kinachojulikana tayari.

#9 MchangiajiMkweli

Mkufunzi, hapo kwenye kusimulia na kuabudu nimekuelewa. Wasiwasi wangu ulikuwa huo hasa. Bado naona kama chumba hakina mtoto wa sikukuu fulani, hakuna haja ya kuifanya kwa ajili ya kujaza kalenda.

#10 MkufunziWaAwali

Kwa watoto wa umri huu nakubali. Kitabu kizuri cha picha kinatosha, na mkianze mapema, siku yoyote.

#11 MamaMapacha

Mimi ninachotaka kuongeza ni kuhusu tarehe, kwa sababu kituo cha wanangu walifanya "siku ya Idi" wakati sisi Idi yetu tulikuwa tumeshaimaliza! Walikuwa na nia njema kabisa, ila walichukua tarehe ya mwaka uliotangulia.

Walezi, kalenda ya Hijria inafuata mwezi, mwaka wake una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka Idi huja mapema kwa takriban siku 11 kuliko mwaka uliotangulia. Tena Idi al-Fitri inategemea mwezi umeonekana lini, hata sisi wenyewe tunajua usiku wa kuamkia. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Diwali huwa Oktoba au Novemba. Na kuna Wakristo wa Orthodoksi, kama wa Ethiopia, ambao Krismasi yao ni tarehe 7 Januari, kwa hiyo mtoto wao tarehe 25 Desemba anaambiwa "heri ya sikukuu" na bado haijafika.

Jambo moja la pembeni lililonifurahisha: Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi ambayo Maulana Karenga aliianzisha Marekani mwaka 1966, misingi yake saba yote ina majina ya Kiswahili. Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Kuumba, Nia, Imani. Wanangu waliposikia watoto wa mbali wanawasha mshumaa na kusema "umoja", walishangaa kama nini. "Mama, wanajua maneno yetu!"

#12 MleziWaSikuNyingi

Mama Mapacha, umenigusa mahali penyewe. Kwa sababu hiyohiyo sisi tulihamisha sherehe: tunaifanya BAADA ya sikukuu, siku mtoto anaporudi.

Kabla ya sikukuu mtoto wa miaka mitatu hana cha kusema. Ukimwambia "wiki ijayo" ni kama umemwambia "siku moja". Lakini akirudi anakuja amejaa. Hina iko viganjani, viatu ni vipya, ana jino linalouma kwa peremende. Hapo huna haja ya kumwuliza chochote, unakaa chini karibu yake tu. Atanyoosha mkono akuonyeshe. Wenzake watasogea. Nyumbani walishafanya sherehe yenyewe, na sisi tunapokea mabaki yake, ambayo kwa mtoto ndiyo matamu. Na tarehe haikosewi tena, maana mtoto mwenyewe ndiye kalenda.

Niwape na moja iliyotuendea vizuri. Mwaka huu tulikuwa na mvulana wa miaka minne, familia yake asili yao ni Iran. Anaongea kidogo sana kituoni. Kwenye daftari, mama yake aliandika kwamba siku zao ni Nowruz, mwaka mpya wa jua, tarehe 20 au 21 Machi, na kazi ya mtoto ni kuotesha ngano. Nyumba nyingi huweka meza ya vitu saba vinavyoanza na herufi S kwa Kiajemi, na ngano iliyochipua ni kimojawapo. Siku ya 13 ya mwaka mpya majani yale huachiwa kwenye maji yanayotiririka.

Basi tukamwomba mama alete konzi ya ngano wiki mbili kabla. Hii ilibidi ianze mapema, ngano haingojei. Sikutangaza kitu. Mvulana na mama yake walikaa mkekani asubuhi moja, wakatandaza punje kwenye sahani, wakafunika kwa kitambaa chenye maji. Siku ya pili alikuwa wa kwanza kufika. Akainua ncha ya kitambaa kwa vidole viwili, akachungulia, akarudisha polepole. Mwenzake akataka kufunua yote. Akamshika mkono, akasema kwa sauti niliyoisikia kwa mara ya kwanza: "Imelala."

Siku ya tatu zikatoa vijimizizi vyeupe. Kufikia siku ya 10 majani yalikuwa marefu kuliko kidole changu, na watoto walikuwa wanakuja kuyapapasa kwa kiganja kila wakitoka chooni (mikono imenawa). Hakuna aliyeulizwa Nowruz ni nini. Lakini ukimwuliza mtoto yeyote wa chumba kile sahani ni ya nani, anakutajia jina la yule mvulana na kukuonyesha alipokaa.

#13 BabaWaWatatu

Dada, hiyo hata mwanangu angekaa na kutazama, na mimi ningeridhia kabisa. Kupanda mbegu hakuna ugomvi. Ila ningependa kuulizwa kwanza, kama ulivyosema.

#14 DadaWaVichanga

Nimeipenda sana ya ngano. Kuna familia ya Kiirani chumba cha jirani yetu, nitawaambia walezi wenzangu wazungumze na mama kwanza. Inaoteshwaje ili isioze? Niliwahi kujaribu na maharage, yakanuka.

#15 MleziWaSikuNyingi

Dada, ilinuka kwa sababu ya maji mengi. Loweka ngano usiku kucha kwenye bakuli, asubuhi mwaga maji, suuza. Itandaze kwenye sahani bapa safu moja, punje zigusane zisipandane. Funika kwa kitambaa chepesi cha pamba kilicholowa na kukamuliwa. Nyunyiza maji asubuhi na jioni, kitambaa kiwe na unyevu, sahani isituamishe maji. Ikishachipua kama urefu wa kucha, toa kitambaa, weka karibu na dirisha, na uigeuze kila siku kwa sababu majani yanaelemea kwenye mwanga. Chagua ngano ya kupika, maana mbegu za kupanda nyingine zimepakwa dawa.

Na chupa ya kunyunyizia mpe mtoto mwenye sikukuu yake. Wengine watamwomba zamu, mwache yeye ndiye agawe.